Kipkelion Hadi Fort Ternan kwa Miguu: Jibu kwa Dada wa Kisumu

Dada mmoja wa Kisumu ameniandikia meseji jana usiku, ati ameona picha zangu za madaraja ya reli na anataka kujua kama hiyo njia ni ngumu, "maana mimi niko na mwili kidogo." Nimecheka, halafu nikanyamaza, juu hilo swali nalijua sana.

Mwaka jana nilikuwa kwa grupu fulani ya kupanda milima hapa Nakuru, sitaitaja. Siku ya Menengai watu walikuwa wanaangalia saa kuliko kreta yenyewe, na admini akasema mbele ya wote kwamba watu wazito watafute mchezo mwingine. Jioni nikatolewa WhatsApp bila hata pole. Bado inaniuma, sidanganyi.

Sasa sikia vile mtu mzito alifanya. Nilichukua binamu yangu tukapanda matatu hadi Kipkelion, huko Kericho (safari yenyewe haina hadithi, ni kubanana tu), pale ambapo stesheni zamani iliitwa Lumbwa, tukanywa chai na ngumu (zile half cake) tukaanza kushuka kufuata reli. Kushuka, umeskia? Reli ikishapita kilele cha Mau inateremka mpaka ziwani, kwa hivyo ukitembea kuelekea Kisumu mteremko ni wako. Na treni haiwezi kupanda mlima wima kama boda, ndio maana reli inazunguka zunguka kila kilima, na kila ukikata kona unaona bonde lingine, ng'ambo ni vilima vya Tinderet, mashamba ya chai huku nyuma na joto linaongezeka pole pole hadi unavua sweta bila kujua saa ngapi ulianza kutoka jasho.

Halafu madaraja! Upande huu wa Mau yalijengwa 27, vyuma vikaletwa kutoka Marekani na American Bridge Company, na kufikia 1901 reli ilikuwa imegusa ziwa, Kisumu ikiitwa Port Florence. Nilikaa chini ya moja nikiangalia juu mpaka shingo ikauma. Wale wa saa wangepita hapo wakihesabu hatua. Mzee mmoja tuliyemkuta na ng'ombe wake akatuonyesha Nandi iko wapi, akasimulia vile Wanandi walikuwa wanang'oa vyuma vya reli na kukata nyaya za simu, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa 1905 na Mwingereza aliyemwita kwa maneno ya amani. Hiyo stori inataka mtu anayetembea polepole, na mzee mwenyewe hakuwa na haraka.

Ushauri sasa. USIPITE juu ya daraja, hata ukiona watoto wa shule wanapita. Treni ya abiria ilirudi 2021 baada ya reli kukarabatiwa, na pale juu hakuna pa kuruka. Shuka bondeni, vuka mto, panda tena. Hapo ndipo ugumu wote uko, dada, kila daraja ni shimo moja la kushuka na kupanda, wanaokwambia njia ya reli ni tambarare hawajaitembea. Pia usikanyage mataruma, vile vipande vilivyolazwa chini ya reli, yamepangwa vibaya kwa mguu wa binadamu, hatua moja fupi sana, mbili ndefu sana. Kando kuna njia ya wenyeji, fuata hiyo. Kata kucha za miguu kabla, juu kushuka kunasukuma vidole mbele ya kiatu. Anza asubuhi mapema, huko Kericho mvua hupenda saa za mchana. Salimia watu, sema "chamgei" (salamu ya Kikalenjin), utaonyeshwa njia za mkato na usipewe kelele za mbwa.

Na tembea polepole. Nimesema? Nasema tena, polepole. Nani alikwambia mlima ni wa wembamba? Mungu hakuweka mizani pale Kipkelion. Tukafika Fort Ternan jua bado liko, tukala ndizi, tukatafuta gari.

Admini yule yule ameona picha, ameniandikia kwa upole sana akiomba lokesheni. Nimemwambia ashuke Kipkelion aulize.