Kusoma Kifaransa chuo: pitia Kiswahili chako, achana na Kiingereza

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaoniulizaga inboksi kuhusu kusoma Kifaransa chuo, leo nawajibu wote.

Mi natokea Newala, niliingia chuo Dar na Kifaransa cha kuungaunga na mwaka wa kwanza nliteseka sana kwasababu kila sentensi naitoa Kiswahili naipeleka Kiingereza alafu ndo Kifaransa. Siku nliyoacha kupita huko katikati mambo yakaanza kukaa sawa. Angalia, "namwona" ni "je le vois", ile "le" inakaa kabla ya kitenzi kama "mw" yetu tu, Kiingereza ndo kinaiweka mwisho. Na zile le na la zinazokaa mbele ya nomino, zinazotisha watu, zichukulie kama ngeli, tena mbili tu! Husemi "kiti mkubwa umevunjika", sasa kwanini ukariri "table" tupu? Andika "la grande table" (meza kubwa) daftarini, liingie kichwani na upatanisho wake.

Matamshi ni kusoma kwa sauti kila siku, basi. Mi likizo nlikua nasomea Shangani beach jioni, watu wanashangaa, waache washangae.

Ukipata Mkongomani anaejua Kiswahili na Kifaransa shikamana nae, ila 70 anaweza kukwambia septante wakati mwalimu anataka soixante-dix, yani sitini na kumi, jua zote mbili.

Fasihi sasa, hapa ndo napapenda. Wengi wanaikimbia wanadhani ni mambo ya Paris tu. Mariama Bâ wa Senegali, kitabu chake cha 1979, Une si longue lettre, ni mjane yupo eda anamwandikia shoga yake barua, mume alimuolea mke wa pili ambae ni rafiki wa binti yao. Nani huku kwetu hajakaa kwenye msiba akasikia hadithi kama hiyo? Anza na tafsiri ya Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii, ndo urudi kwenye Kifaransa, utashangaa unavyoelewa.

Kuhusu kazi, kusema unajua haitoshi, fanya DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, ufike ngazi ya B2 uwe na cheti mkononi. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Kifaransa kinatumika pale.

Desemba nipo Newala, nakala ya Barua Ndefu ninayo, anaeitaka aje nimuazime ila airudishe.