Barua kwa mwanangu: anza na ukuta wa bakteria

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikausoma mara mbili kabla ya kulala. Umeniambia jaribio la mikrobiolojia halikwenda vizuri, kisha ukauliza: "Mama, mimi nitakuwa mfamasia, sitakaa kwenye hadubini kama wewe. Haya majina yote ya bakteria nayakariri ya nini?" Sikutaka kukujibu juu juu kwenye simu. Miaka yangu yote ya maabara nimekuwa nikiandika majibu yanayokwenda kusomwa na watu wa kazi yako, kwa hiyo swali hili limenigusa kama mama na kama mtu wa maabara.

Unasema muhula huu mnasoma vimelea, na dawa za kuviua zinakuja muhula ujao. Nadhani tabu yako inaanzia hapo. Jina la bakteria likikaa peke yake kichwani ni mzigo. Mimi nakushauri usisubiri muhula ujao: kila bakteria unayekutana naye, mtazame umbile, ujiulize papo hapo dawa gani itampata na ipi itagonga mwamba.

Kumbuka mlivyopaka rangi ya Gram. Unatandaza sampuli kwenye kioo, unaiacha ikauke, unaipitisha juu ya moto. Unamwagia rangi ya zambarau, unasubiri dakika moja, unasuuza. Unaweka ayodini, unasuuza tena. Kisha spiriti, na hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu kazi, maana ni sekunde chache tu: ukizidisha, hata wale wanaopaswa kubaki na zambarau wanaipoteza. Mwisho unaweka safranini nyekundu. Ukitazama kwa lenzi ya mafuta unaona vitufe vya zambarau vimeshikana kama kichala cha zabibu, hao huenda wakawa Staphylococcus. Au vijiti vya waridi vimetawanyika, huenda Escherichia coli. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliibuni njia hii akiwa Berlin, akaichapisha mwaka 1884. Alikuwa anatafuta namna ya kuona bakteria ndani ya vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia.

Sasa zile rangi mbili zinakuambia nini wewe mtu wa dawa? Wa zambarau ana ukuta mnene, nyuzi zimesukwa tabaka juu ya tabaka, nao ndio unaong'ang'ania rangi. Wa waridi ana ukuta mwembamba, lakini nje yake amejifunika utando mwingine wa mafuta. Penisilini inazuia ukuta usijengwe, bakteria anazidi kukua huku ukuta ukilegea, mwisho anapasuka. Seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, na ndiyo maana mtu asiye na mzio anaivumilia vizuri. Vankomaisini nayo inashambulia ukuta, ila molekuli yake ni kubwa mno kupita kwenye ule utando wa nje, kwa hiyo wa waridi haiwafanyi kitu. Yupo na bakteria aitwaye Mycoplasma, hana ukuta kabisa: mpe penisilini uwezavyo, haina cha kuvunja. Jentamaisini inahitaji oksijeni ili iingizwe ndani ya bakteria, ndiyo sababu haiwawezi wale wanaoishi mahali pasipo hewa, kama ndani ya jipu kubwa. Unaona? Nimekupa dawa tatu, na hakuna hata moja niliyoikariri. Zote zinatoka kwenye umbile la mdudu.

Kifua kikuu nitakaa nacho kidogo, kwa sababu ndicho kilichonifundisha zaidi. Robert Koch alitangaza kimelea chake tarehe 24 Machi 1882. Rangi ya Gram haimfai, maana ukuta wake umejaa nta. Tunalazimika kuipasha rangi moto ndipo iingie, na ikishaingia hata asidi haiitoi. Nta hiyohiyo inazuia dawa nyingi. Tena ni mvivu wa kuzaana. E. coli akipata chakula na joto la kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, mmoja akawa zaidi ya milioni mbili ndani ya saa saba. Wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja tu, na wengine hulala kabisa. Ndipo utaelewa kwa nini mpango uliozoeleka ni miezi sita: miwili ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli pamoja, halafu minne ya zile mbili za kwanza.

Kwa nini dawa nne? Piga hesabu. Katika bakteria takriban milioni moja, mmoja huwa amezaliwa na usugu dhidi ya isoniazidi. Kwa rifampisini ni kama mmoja katika milioni mia. Tundu moja la pafu linaweza kubeba milioni mia na zaidi, kwa hiyo ukimpa mgonjwa dawa moja peke yake, mwenye usugu yumo tayari, anasubiri wenzake wafe arithi nafasi. Ukizitoa mbili kwa pamoja, anayezishinda zote ni mmoja katika trilioni mia moja. Hilo lilionekana kwa macho mwishoni mwa miaka ya 1940, streptomaisini ilipotolewa peke yake: wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wao vimelea vikawa sugu. Siku mgonjwa atakapokuja dirishani kwako akisema aina moja ya vidonge imeisha lakini anaendelea na vilivyobaki, hesabu hii ikujie kichwani kabla hujamjibu.

Mwambie pia mapema kwamba rifampisini itamgeuzia mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Wapo wanaoacha dawa kwa hofu ya kitu hicho tu. Na muulize anatumia nini kingine, kwa sababu rifampisini inalichochea ini kuvunja dawa nyingine kwa kasi: vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, na anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU huhitaji kuimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Daktari anaweza kupitiwa. Wewe ndiye wa mwisho kuiona ile karatasi.

Nikueleze jambo lililonitokea, sijawahi kukusimulia. Ilikuja sampuli ya mkojo wa mgonjwa wa wodini. Nikaotesha, akaota E. coli. Nikampaka kwenye sahani nyingine ya kuoteshea, nikapanga vile vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, nikaviacha usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35. Asubuhi nilipofunua, kwenye duara la seftriaksoni, dawa aliyokuwa akipewa, hapakuwa na nafasi hata kidogo. Bakteria walikuwa wameota wakafika ukingoni mwa karatasi, kama majani yanavyofika ukutani. Dawa mbili nyingine zilikuwa na uwazi mzuri kuzizunguka, yaani bakteria hawakuweza kuota karibu nazo. Nikaandika majibu, yakapelekwa. Siku ya tatu ikaja sampuli nyingine ya mgonjwa yuleyule, na kwenye fomu imeandikwa bado yuko kwenye seftriaksoni. Majibu yangu yalikuwa yamefungiwa ndani ya faili, hayajasomwa na mtu.

Nilitoka na nakala mkononi nikaenda dirisha la dawa. Mfamasia wa zamu alikuwa kijana, labda umri wako wa sasa. Aliisoma yote, akaniuliza kama kipimo cha pili nacho kimetoka hivyo, akaangalia hali ya figo za mgonjwa kwenye jalada, akapiga simu wodini. Kabla ya saa moja dawa ilikuwa imebadilishwa. Nilirudi maabara miguu ikitetemeka, nikifikiria zile siku tatu. Yule kijana aliweza kuamua haraka kwa sababu fomu yangu kwake haikuwa maandishi ya kigeni.

Na kuisoma fomu hiyo kuna mtego wake. Usilinganishe duara la dawa hii na la dawa ile ukasema lenye milimita nyingi ndilo bora. Kila dawa inasambaa kwenye sahani kwa namna yake, na kila moja ina kipimo chake kwenye jedwali. Milimita 18 zinaweza kuwa ushindi kwa dawa moja na usugu kwa nyingine. Halafu uliza dawa inafika wapi mwilini. Nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo, basi ni nzuri kwa kibofu. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo au damu haitoshi, hata sahani iseme inaua.

Umeuliza pia kama ni kweli usugu umeletwa na watu wasiomaliza dozi. Ni sehemu tu ya habari. Mwaka 1940 wanasayansi Edward Abraham na Ernst Chain walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini, kabla ya askari polisi Albert Alexander, mmoja wa wagonjwa wa kwanza kupewa penisilini, kuchomwa sindano zake huko Oxford mwanzoni mwa 1941. Silaha ya bakteria ilikuwepo tayari. Matumizi yetu ndiyo yaliyowapa nafasi waliokuwa nayo. Ukikuta amoksilini imechanganywa na asidi ya klavulaniki, hiyo asidi kazi yake ni kukishika kimeng'enya ili amoksilini ipite. Basi usimlaumu mgonjwa aliyeko mbele yako. Mpe maelezo.

Virusi na fangasi visikutishe, swali ni lilelile la umbile. Fangasi seli zake zinafanana na zetu mno, ndiyo maana dawa zake ni chache na nyingi zinalenga mafuta ya utando ambayo sisi hatuna. Kwa virusi, dawa ya asiklovia mimi huipenda sana: hulala mpaka kimeng'enya cha virusi vya malengelenge chenyewe kiiamshe, kwa hiyo seli isiyo na virusi inaachwa karibu salama.

Ukiwa maabara, tazama slaidi kwa macho yako, usitegemee picha za kitabuni. Na ukisikia mtu anasema bakteria aitwaye Pseudomonas hunukia kama zabibu, usifunue sahani ukainusa. Zamani tulifanya hivyo, na haikuwa salama.

Karatasi ya jaribio usiitupe. Chukua lile swali la nimonia ulilokosa, mchore yule bakteria kwa mkono wako, ukuta na utando wake, kisha weka mshale mahali kila dawa inapogonga na uandike ni ipi isiyofika. Nipigie picha unitumie Jumamosi, mchana nitakuwa nyumbani. Palipo na kosa nitakuzungushia kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikifanya kwenye madaftari yako ya zamani, kisha tutapigiana simu tuongee taratibu.

Nakupenda sana.

Mama yako