Aljebra sahili, kundi, na zao mtambuko

Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza: ikiwa C*-aljebra A (mkusanyiko wa vitu vinavyojumlishwa na kuzidishwa kama matriksi) ni sahili, yaani haina ideali iliyofungwa (sehemu ambayo elementi yake ikizidishwa na yoyote ya A hubaki ndani yake) ila sifuri na yenyewe, je, zao mtambuko la A na kundi G, yaani aljebra kubwa inayounganisha A na kundi G linaloitendea, linabaki sahili? Hapana, si lazima. Mfano wake unaweza kuumaliza ukisubiri kivuko cha Kamanga, na ni mzuri mno.

Chukua A iwe matriksi za 2×2, na u yenye 1 na −1 kwenye ulalo na sifuri kwingine. Kundi la elementi mbili linatenda kwa kupeleka a kwenye uau. Ndani ya zao kuna v, ambapo va = (uau)v na v² = 1. Sasa weka z = uv. Unapata za = u(uau)v = az, kwa kuwa uu = 1. Pia zv = vz, na z² = 1. Basi (1+z)/2 ni projeksheni (ukiizidisha na yenyewe haibadiliki) inayobadilishana nafasi na kila kitu katika kuzidisha, na zao linapasuka vipande viwili, kila kimoja matriksi za 2×2.

Kilichovuruga ni u kuwa ndani ya A yenyewe. Mwanahisabati Kishimoto alithibitisha mwaka 1981: A ikiwa sahili, G diskriti (elementi zake zimetengana), na kila elementi ya G isipokuwa ya utambulisho ikitenda kwa otomofizimu ya nje, yaani isiyotokana na u ya ndani kama hapo juu, zao lililopunguzwa (toleo dogo la zao mtambuko) ni sahili.

Kwa aljebra C(X), yaani ya fanksheni endelevu kwenye nafasi X, masharti ni mengine. Anza na X ikiwa duara linalozungushwa kwa sehemu ya mzunguko isiyoandikika kama m/n: C(X) si sahili, lakini zao lake ni sahili.