Kuosha bafu lisilo na tundu la maji

Dadangu, kama sakafu haina tundu la kutolea maji basi usimwage ndoo, hayo maji yataingia kwa viungo vya tailizi na mwisho yatokee dari ya jirani wa chini. Fagia kwanza ikiwa kavu, toa nywele na vumbi, halafu ukutani anzia juu ushuke, na tambara lililokamuliwa, sio linalochuruzika.

Sakafu ndio yataka ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya maji masafi, wapaka kidogo wasugua na brashi kipande kwa kipande kisha wakausha na tambara hapo hapo kabla hujasonga mbele, uanze kule ndani utokee mlangoni.

Na kwa vile maji ya visima hapa Mombasa yana chumvi mno, ule ukoko mweupe kwa mifereji na tailizi upake siki, uuache kama dakika 10 usugue. Lakini tafadhali sana siki usiichanganye na Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), wala Jik na dawa ya choo yenye asidi, yatoa gesi ya klorini na bafu dogo lisilo na dirisha hiyo ni hatari kweli.

Ukimaliza wacha mlango wazi pakauke.