Je, fuvu pekee linatosha kutangaza spishi mpya?

Ndugu, umeuliza watu wanathubutuje kutangaza spishi mpya ya dinosaria mwenye deraya kwa fuvu tu, tena lililovunjika. Kwa hawa ankilosauri, fuvu ndilo kitambulisho chenyewe. Kichwa chao kimefunikwa na vibamba vya mfupa, na umbo na mpangilio wa vibamba hivyo, pamoja na pembe za mashavuni na za kisogoni, hutofautiana baina ya spishi na spishi.

Mtazame Akainacephalus johnsoni wa Utah, Marekani, aliyetangazwa mwaka 2018. Aliishi miaka milioni 76 hivi iliyopita. Wenzake wengi wa Amerika Kaskazini wana vibamba bapa. Yeye vyake vimechongoka, akishabihiana zaidi na wale wa Asia kama Tarchia. (Mifupa yake mingine ilipatikana pia, ila kichwa ndicho kilichozua gumzo.)

Mimi ninachokiogopa ni hiki: uzito wa udongo hulipinda fuvu, na mnyama mchanga hafanani na mzee. Kwa hiyo alama moja ya ajabu hainishawishi. Nataka tofauti kadhaa, zilizolinganishwa na mafuvu mengine ya umri ule ule.