Usimtoboe mtu kabla hujajua PCR utaifanyia wapi

Mleta mada unasema upo Iringa, unasoma masta, unataka kupima hepatitis C (homa ya ini ya kirusi C) kwa wagonjwa wa VVU pale CTC, yaani kliniki yao, ukauliza sampuli ngapi zinatosha, kibali kinachukua muda gani, programu ya takwimu iwe Stata au SPSS, na kama ni sawa utumie kipimo cha haraka sasa halafu damu uitupie friza, PCR (kipimo kinachosaka kirusi chenyewe kwenye damu) "itakuja baadae hela ikipatikana". Hiyo ya mwisho chai imenipalia. Acha kabisa.

Hiyo baadae ndo ilinimaliza mimi huku Mbeya na Kyela. Supavaiza wangu (simtaji, tumebaki wa salamu tu) akaniambia dogo kusanya kwanza, kingamwili inakutosha kupata digrii, RNA (vinasaba vya kirusi, ndo PCR inavyotafuta) ni urembo. Urembo! Na ni profesa huyo. Kile kipimo cha haraka kinaona kingamwili, yaani kwamba mwili ulishawahi kukutana na kirusi, na hata mtu akipona kingamwili zinabaki. Kwenye watu 100 walioambukizwa kama 30 hivi wanakiondoa wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa, wenye VVU ni wachache zaidi. Wengine hawajawahi hata kuwa nacho, kipimo kimeropoka tu. Na kuna upande wa pili, mtu CD4 (chembe za kinga) zimeshuka sana mwili unashindwa kutengeneza kingamwili, kipimo kinasema hana kumbe anacho.

Sasa sikia. Damu nachukua Kyela, vichupa vya kifuniko cha zambarau, joto la kule unalijua, navipanga kwenye deli nasubiri Coaster ijae. Nafika Mbeya jioni mwenye funguo ya chumba cha mashine ya kuzungusha damu kashaondoka, basi vichupa vizima vizima kwenye friji, kesho yake ndo nazungusha. Ile plazma, majimaji ya juu ya damu, badala ya kuwa njano kama mafuta ya alizeti inatoka nyekundu, chembe zimeshapasuka. Wakati inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 6 na igandishwe nyuzi hasi 70 au chini ya hapo! Jamaa wa maabara ananiambia weka tu kaka, haina shida. Friza lenyewe la hasi 20, kuna siku nilikuta humo sato wa mtu. Umeme ukikatika zinayeyuka, ukirudi zinaganda, RNA inazidi kukatika vipande.

Hela ya PCR ikaja. Karibu zote: kirusi hakipo. Nikashangilia kama mjinga. Halafu nikakaa chini, huyu kapona mwenyewe au kirusi chake kimeozea kwenye friza langu? Huwezi kujua mpaka umtoboe upya. Kina Alter, Houghton na Rice walipewa Nobel 2020 kwa kukigundua, mimi nimekiua bila hata dawa, hakuna aliyenipigia simu.

Na watu nilishawapa majibu. Mama mmoja muuza mchele nilimkuta vikombe vyake kavipaka rangi ya kucha ili wanawe wasivishike, wakati hepatitis C haiambukizi kwa vikombe, ni kwa damu. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa ninacho au sina?" Nikaanza kumwelezea habari za nyuzi joto. Vipimo vya marudio nililipa mfukoni.

Kwa hiyo mkuu, hakuna kumchoma mtu sindano mpaka uwe na karatasi inayosema RNA yake itapimwa maabara gani, lini, na nani analipa. Hata kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, andika hivyo hivyo, na kama sampuli zinapelekwa nje ya nchi ujue kuna mkataba wake wa kuzisafirisha.

Wakikwambia kujua hakusaidii, waongo. Sofosbuvir na daclatasvir ni vidonge vya wiki 12, zaidi ya 95 kati ya 100 wanapona, wenye VVU pia. Ila angalia ARV zao, aliyebaki kwenye efavirenz daclatasvir inapandishwa toka mg 60 hadi 90, wa dolutegravir hana haja. Na apimwe hepatitis B kabla, maana inaweza kuamka katikati ya dozi.

Hebu jibu kwanza, friza la hapo kwenu ni hasi ngapi, na umeme ukikatika usiku jenereta inawaka yenyewe au mpaka mlinzi aamshwe?