Kwenda kusaidia mavuno ya zabibu: niliyoyapata katika misimu mitatu

Mleta uzi anasema familia ya rafiki yake imemwalika wiki nzima akasaidie kuvuna zabibu za mvinyo. Hajawahi kushika mkasi wa shambani, na anauliza kama ataiweza kazi, abebe nini, na kama ni vibaya kuulizia malipo. Waliotangulia wamemjibu kwamba ni matembezi tu, unachuma huku unakula. Wakuu, hapana. Nimekwenda misimu mitatu, shamba lile lile, eneo dogo ambalo wenye mizabibu wote wanajuana, na jioni ya siku ya kwanza nilishindwa kuinama kufungua kamba za viatu.

Vichala vingi vinaning'inia kati ya goti na kiuno. Huko ndiko mgongo unakokwisha: ukisimama hufiki, ukichuchumaa sana magoti yanagoma. Siku ya pili nilimtazama mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiniacha nusu mstari bila hata kuonekana ana haraka. Hakuwa anainama kabisa. Anapiga goti moja, anakata vyote vinavyofikika, anasogeza ndoo, anapiga goti lingine. Nikamuiga, mambo yakawa nafuu. Siku ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, ukiivuka hiyo mwili unazoea.

Mgongo utapona, usikutishe. Kazi yenyewe nilifundishwa na ndoo. Siku ile ya kwanza nilitaka nionekane mchapakazi, nikajaza ndoo kabla ya mwenzangu wa upande wa pili wa mstari. Mzee mwenye shamba akapita, akachukua kichala cha juu kabisa, kizuri, cheusi, bado kina ule unga mweupe wa asili kwenye ngozi. Akakipasua katikati kwa vidole gumba. Ndani punje zilikuwa za kahawia, zimevaa ukungu wa kijivu, na harufu ya siki ikanipanda puani. Hakugomba. Alitandika turubai, akaimwaga ndoo yote, akapiga magoti, tukaanza kuchambua kichala kimoja kimoja. Karibu robo ilitupwa. Mwenzangu wa upande wa pili, niliyemwona mzembe, yake ilipita bila kuguswa.

Ukungu ule unapenda vichala vilivyosongamana. Mvua ikinyesha karibu na mavuno, punje hunyonya maji, hubanana, moja ya katikati inapasuka, na kuanzia hapo kichala kinaoza kwa ndani huku nje kunang'aa. Macho peke yake hayatoshi. Bonyeza kichala kidogo: kilicho kizima kinarudi, kilichooza kinalegea. Nusa. Ukiona visubi wadogo wanazunguka mahali pamoja, hapo pana jambo. Na kama ni sehemu ndogo tu imeharibika, kata hiyo, kizima kiweke. Sasa ajabu yake ni kwamba kuna maeneo, kama Sauternes kule Ufaransa na Tokaj kule Hungaria, ambako ukungu huo huo ukikuta asubuhi zenye unyevu na mchana mkavu unazikausha zabibu nyeupe mpaka utamu unabaki mzito, na ndizo zinazotoa mvinyo mtamu wa bei kubwa. Mvunaji wa huko anatafuta kile ambacho mimi nilifundishwa kutupa. Kwa hiyo kabla hujakata hata kichala kimoja, muulize mwenye shamba anataka nini ndani ya ndoo na nini kibaki mtini. Kila shamba lina jibu lake, na linaweza kubadilika kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Mtego mwingine ni vile vichala vidogo vya juu, vinavyotoka kwenye matawi ya pembeni. Vilichelewa kuchanua, vimechelewa kuiva. Rangi inaweza kukudanganya, lakini tafuna punje moja uone: chachu, na mbegu bado za kijani. Viache. Zabibu si ndizi, huwezi kuikata mbichi ukaifunika iive. Ikishatoka mtini imekwama pale pale ilipofikia.

Ndiyo maana siku ya kuanza inagombewa sana. Mzee wetu alikuwa na kipimo kidogo kama darubini ya mkononi: anakamulia tone la maji ya zabibu kwenye kioo chake, anakielekeza kwenye mwanga, anasoma sukari kwa kizio kinachoitwa Brix. Mvinyo mwingi wa kawaida hutokana na zabibu za kati ya 20 na 25. Hesabu ya haraka aliyonipa: zidisha kwa 0.55 upate asilimia ya kileo. Brix 22 inakupa kama 12. Lakini baada ya kupima alikuwa bado anatafuna, anatema mbegu kiganjani, anazitazama rangi, halafu anatazama mawingu.

Mkasi. Utajikata, tusidanganyane. Mkono mmoja umeshika kichala, mwingine una mkasi, na katikati kuna majani yanayoficha kidole chako. Shika kichala kwa chini, kama unapokea kitu, ukate kikonyo kwa juu; mikono isikutane. Na kumbuka kuna mtu upande wa pili wa mstari anaingiza mkono kwenye majani yale yale. Mimi sikujikata, nilimkata mwenzangu. Tangu hapo nikiona kichala kiko katikati nasema "changu" au "chako" kabla ya kukigusa. Beba glavu nyembamba zinazobana na plasta nyingi. Kuna nyigu pia, wanakuja kwa sababu ya utamu, na huwa wanajificha nyuma ya kichala. Geuza kwanza ndipo ushike. Kama mwili wako unavimba vibaya ukiumwa na nyigu au nyuki, waambie wenyeji kabla ya kuingia shambani.

Mtaamshwa alfajiri, kuna wanaovuna hata usiku kwa taa za kichwani. Si mkwara. Zabibu zikiingia na joto huanza kuchachuka na kubadilika rangi kabla mwenyewe hajawa tayari. Kwa sababu hiyo hiyo kreti ni fupi, za kilo 15 au 20 hivi, ili za juu zisizikamue za chini. Usizijaze zikapita ukingo, maana zinapandanishwa. Jua likipanda, kunywa maji hata kama husikii kiu. Mwaka 2023 kule Champagne, Ufaransa, ambako sheria inataka kila kichala kichumwe kwa mkono, wavunaji kadhaa walifariki wakati wa joto kali. Hao walikuwa watu wa kazi, sembuse sisi wa kutembelea.

Jambo ambalo halisemwi ni kwamba saa za kuchuma ndizo tamu. Mchana mikasi ikishawekwa chini, kuna makreti mia na kitu yananata, ndoo, mashine ya kukamulia, mipira ya maji, sakafu. Maji ya zabibu yakikauka hapo yanaita visubi, na visubi wanaleta siki. Wageni wengi wakifika hapa wanapiga picha na kwenda kulala. Mimi mwaka wa pili nilibaki na brashi hadi giza, na hapo ndipo wenyeji walipoanza kuniita kwa jina. Katika eneo dogo zabibu za watu wote huiva wiki moja, mashine ya kukamulia ya ushirika ina foleni, jirani hawezi kukusaidia kwa sababu naye yuko kwake. Mikono ndiyo inayokosekana, hasa baada ya saa nane mchana.

Tahadhari moja ya kweli: usichungulie wala kuingia kwenye tangi au chumba ambamo mvinyo unachachuka bila mwenyeji. Mvinyo ukichachuka hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, inalala chini, haina rangi, na imeua watu wazoefu walioingia kumwokoa aliyeanguka kwanza. Usitegemee kile kipimo cha kuingia na mshumaa unaowaka uone kama utazimika. Unaweza ukaendelea kuwaka huku wewe tayari kichwa kinazunguka.

Malipo: kama ni familia na umealikwa, ukipewa kitanda, chakula na chupa chache za kuondokea, sioni cha kudai. Lakini ukikuta umewekwa mstari mmoja na vibarua wa kulipwa, saa zile zile, bosi yule yule, hiyo ni ajira, ulizia mkataba. Uliza bima kwa vyovyote vile. Hata mwenye shamba inamlinda: Ufaransa kwa mfano, mkaguzi wa kazi akikuta "msaidizi" asiyeandikishwa anaweza kumhesabu kuwa mfanyakazi aliyefichwa. Ukiwa mgeni wa nchi, tazama viza yako inaruhusu nini.

Mikono itakuwa myeusi. Usikimbilie sabuni, rangi ya zabibu nyekundu ikikutana na sabuni inageuka bluu. Sugua limau kwanza, ndipo unawe.

La mwisho, tarehe. Usikate tiketi kwa kufuata kalenda ya mwaka jana. Msimu wangu wa tatu mvua ilisogeza mavuno siku sita. Nililala, nikaosha ndoo ambazo hazijatumika, nikapanga makreti, nikapanga tena. Asubuhi niliyoondoka ndiyo walipogawana mikasi. Wape wenyeji wiki mbili, sio moja, na tiketi ya kurudi iwe ya kubadilishika.